Meza Ndefu ya Pacho

Mizani ya Pacho, makao ya wazee ya Migosi, haikuwa na adabu. Ilipiga mluzi mmoja mkali, ikaonyesha tarakimu zake nyekundu mbele ya kila aliyekuwa sebuleni, halafu ikajizima. Ijumaa hiyo ilisema kwamba Mama Amolo ana kilo arobaini na tatu na nukta mbili.

"Wiki tatu zilizopita alikuwa arobaini na saba," alisema Wanyonyi, tabibu aliyekuja kila Ijumaa kuwaangalia wazee kumi na mmoja wa makao hayo. Alikuwa akiandika huku akizungumza na Caren, juu ya kichwa cha mama mwenyewe, kama fundi anayeeleza kasoro ya godoro. "Akishuka chini ya arobaini na tatu Ijumaa ijayo nampeleka hospitali. Watamwekea mpira puani, alishwe kwa huo."

"Mwambie yeye," alisema Caren. "Masikio yake ni mazima."

Wanyonyi akaona haya kidogo. Akainama, akarudia maneno yale yale, safari hii polepole. Mama Amolo alimsikiliza hadi mwisho bila kupepesa jicho, akashuka kwenye mizani, akajifunga leso yake upya kiunoni. Ilimzunguka karibu mara mbili.

Alisubiri tabibu atoke, ndipo akamshika Caren kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa vikavu na vyenye nguvu.

"Mke mwenzangu mkubwa alikufa na mpira huo puani," alisema. "Walimfunga mikono kwenye vyuma vya kitanda kwa bendeji asiung'oe. Alikufa amefungwa kama mbuzi wa sokoni. Usiwaache, nyathina, mwanangu."

"Hutawekewa mpira."

"Sema tena."

"Mama, mimi sisemi kitu mara mbili. Waulize watoto wangu."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, na uhakika wenyewe alikuwa nao. Kitu ambacho hakuwa nacho ni jibu. Caren alikuwa msimamizi wa zamu ya mchana, mwaka wa tisa sasa. Alikuwa na stashahada ya maendeleo ya jamii na watoto watatu. Stashahada ilimfundisha kujaza fomu. Watoto walimfundisha tofauti kati ya mtu asiyeweza kula na mtu aliyeamua kutokula, na huyu alikuwa wa pili. Uji wa wimbi wa asubuhi aliumaliza hadi akakwangua kikombe. Chai ya saa kumi na mandazi yake alikunywa na kula. Lakini mchana na jioni alikaa mbele ya sahani mikono mapajani, kichwa kimeinama, leso imefunika paji la uso, na chakula kikapoa mpaka Mariamu wa jikoni akaja kukiondoa akinung'unika.

Kwanza Caren aliilaumu meza.

Meza ndefu ilikuwa fahari ya Madam Rachael, mwenye makao. Zamani wazee walikula vikundi vikundi, wawili barazani, watatu sebuleni, mwingine kwenye ngazi akiangalia barabara ya Migosi. Halafu Madam Rachael akahudhuria semina, akarudi na wazo. Akaunganisha meza mbili kubwa, akazitandikia kitambaa kimoja cha buluu, na ukutani akabandika maandishi: MEZA MOJA, FAMILIA MOJA. Tangu siku hiyo kila mtu alikula pale, mchana na jioni. Sahani haikuruhusiwa kuvuka mlango wa chumba cha kulala, na kwa hilo alikuwa na sababu. Mwaka juzi mzee mmoja alipaliwa na mfupa wa samaki akiwa peke yake chumbani, na kama Mariamu asingepita na ndoo ya maji tungekuwa tunasimulia mengine.

Tena meza yenyewe ilifanya kazi. Mzee Abeid, aliyekuwa halijui hata jina la jirani yake wa ukuta mmoja, sasa alijua mpaka dawa zake na saa anazokunywa.

Lakini meza ilianza wiki ile ile aliyoletwa Mzee Dalmas.

Mzee Dalmas alitoka Seme, miaka themanini na mitatu, fundi mashua mstaafu, mabega bado mapana, macho yote mawili yamefunikwa na mtoto wa jicho. Watoto wake walimleta baada ya kumkuta ameanguka mara mbili kati ya nyumba na choo. Alilala kwenye jengo la nyuma pamoja na wanaume wengine. Hakuona zaidi ya vivuli, ila alisikia kila kitu na kukichekea. Siku ya pili tu mezani alikwisha kumjua kila mmoja kwa kikohozi chake. Na kwa kuwa kwenye kiti cha mwisho kulikuwa na mtu asiyekohoa, asiyesema, asiyegonga kijiko kwenye sahani, Mzee Dalmas alimwelekea huyo.

"Wewe msichana wa kiti cha mwisho!" alipaza sauti. "Mbona sikusikii ukitafuna? Unaogopa kunenepa? Nenepa tu. Mimi ndio napenda hao. Nikitolewa hili giza machoni, nakuoa."

Meza nzima ilicheka. Caren pia alicheka. Mama Amolo alisukuma kiti, akainuka, akatoka.

"Ana maringo," alisema Mzee Dalmas, ameridhika. "Wenye maringo ndio hukubali."

Jumamosi na Jumapili Caren alijaribu kila kitu. Alimkagua meno na kuyakuta kumi na tisa, yote imara. Alimpondea viazi, akamtolea samaki miiba, akapunguza chumvi, akaongeza chumvi. Alimpigia simu bintiye Winny huko Nakuru, na Winny akasema mama yake amekuwa mkaidi tangu enzi za mkoloni, fanyeni mnavyoona. Kwa siku mbili hizo Mama Amolo aligusa mlo wa mchana mara moja, kijiko kimoja, na hicho ni kwa sababu Caren alisimama juu yake kama polisi.

Jumatatu gari lilikuja kumchukua Mzee Dalmas kwenda kliniki ya macho. Aliondoka saa nne akiimba. Saa saba meza ikaandaliwa: ugali wa mtama, ngege wa kuchemshwa, sukumawiki. Caren alikuwa akimfunga Mzee Abeid kitambaa shingoni alipoinua macho na kumwona Mama Amolo akimega tonge.

Alibaki pale pale na ncha mbili za kitambaa mikononi. Mama Amolo alikula samaki mzima. Alianza na mkia, akapanda na uti wa mgongo, akafungua kichwa kwa vidole viwili kama mtu anayefungua mkoba, akafyonza macho, akafyonza mashavu, akapanga mifupa kwenye ukingo wa sahani kwa mstari. Kisha akaomba ugali zaidi.

"Caren," alisema Mzee Abeid, "unaninyonga."

Alasiri Caren alimkuta mama chumbani kwake, amekaa kitandani, akikunja leso ambayo tayari ilikuwa imekunjwa. Akafunga mlango, akavuta kiti, akakaa goti kwa goti naye.

"Mzee Dalmas amekufanya nini?"

"Hajanifanya kitu."

"Mama, mimi si mtoto. Akiwepo huli. Leo hayupo umekula mpaka macho ya samaki. Kama amekushika mahali, niambie sasa hivi, na fimbo yake ile nitaivunja mbele yake."

Mama Amolo alimtazama kwa mshtuko, halafu akacheka. Kwa wiki tatu Caren hakuwa amesikia kicheko hicho.

"Anishike? Yule? Yule ni mtoto wangu."

"Mtoto gani? Mzee amekupita miaka sita!"

"Kwani mkwe hupimwa kwa miaka?"

Akaeleza, na alieleza kwa ufupi, kama mtu anayetapika jiwe. Yeye alizaliwa Uyoma, akaolewa Asembo akiwa na miaka kumi na tisa, mke wa tatu wa mfanyabiashara wa samaki. Mke wa kwanza alikuwa na binti mkubwa aitwaye Debra, ambaye wakati huo alikuwa ameshaolewa Seme na kijana mmoja fundi wa mashua. Mwezi wa pili wa ndoa yake, kijana huyo alikuja Asembo na ng'ombe wa mahari waliokuwa wamesalia. Wakamwonyesha mke mpya wa mzee, msichana mwenye shanga mpya shingoni, wakamwambia: huyu naye ni maro wako, mama mkwe. Kijana aligeuza uso upande, akapita mbali kwenye majani, kama ipasavyo.

"Miaka hamsini na nane," alisema Mama Amolo. "Hajawahi kuniona nikitafuna. Sijawahi kumwona akitafuna. Debra alipokufa, mkwe wangu huyo alikuja kwetu kumlilia, akasimama nje ya uzio wangu. Mvua ilinyesha na hakuingia. Mkwe mwenye heshima kuliko huyo sijui kama yuko ziwa hili lote."

Caren alifunga macho. Alikuwa amezaliwa Kaloleni, mtoto wa mjini, lakini hilo halikuhitaji kufafanuliwa. Mjaluo yeyote analijua: mtu na mama mkwe wake hawashiki mikono, hawalali chini ya paa moja, na kula mbele ya mwenziwe ni aibu kubwa kama kuvua nguo. Na wake wote wa baba mkwe ni mama wakwe, hata aliyeolewa jana. Yeye Caren ndiye aliyejaza fomu za wote wawili. Fomu iliuliza dini, ilimuuliza mtu kama ana presha, kama analowesha kitanda, kama anavumilia maziwa. Haikuuliza ameoa kwa nani. Naye alipoona mwanamke wa miaka sabini na saba na mwanamume wa themanini na mitatu, wazo la mkwe na mama mkwe halikumpita akilini hata kidogo.

"Yeye hajui," alisema polepole.

"Ataonaje na macho yale? Jina Amolo hata akilisikia hapa halimwambii kitu. Kwao Seme mimi ni Nyar Uyoma, binti wa Uyoma, basi. Ndio maana sifungui mdomo pale mezani. Sauti yangu anaijua."

"Na anavyokutania..."

"Usinikumbushe."

"Sasa si ungesema? Wiki ya kwanza tu, ungeniambia, Caren, mtoe huyu."

"Ndio hivyo. Mtoe huyu." Mama Amolo aliweka leso chini. "Atolewe aende wapi? Ameanguka mara mbili kule kwake. Na akijua amekula mbele yangu na kunitongoza mbele ya watu, unadhani atangoja gari? Atatembea kwa miguu mpaka Seme, kipofu hivyo. Debra aliniachia huyo mtu. Afadhali mimi nikonde."

"Mwezi ujao wanamtoa mtoto wa jicho. Atakuona."

"Mwezi ujao ni wa mwezi ujao. Apa hutamwambia."

Caren hakupenda kuapa. Kazi yake yote ilikuwa kusema mambo yalivyo, kwa sauti ya kusikika na viziwi. Lakini aliapa, kwa sababu hakukuwa na njia nyingine ya kutoka katika chumba kile.

Kwa Madam Rachael hakupata kitu. Aliomba meza mbili, akaulizwa kwa nini. Akasema kwa sababu. Madam Rachael alivua miwani.

"Caren, wewe husema sababu mpaka mtu anaomba unyamaze. Leo huna?"

"Leo sina."

"Basi na mimi sina meza mbili. Watu wa kanisa wanakuja mwisho wa mwezi, nataka wawaone wamekaa pamoja. Na kanuni ya vyumbani ni ile ile. Yule mama lazima ale mbele ya mtu."

"Mbele ya mtu," alisema Caren. "Mtu yeyote?"

"Mtu yeyote."

Caren alikwenda moja kwa moja jikoni.

Mariamu, mpishi, alikuwa akiosha sufuria. Yeye na Caren walikua pamoja katika nyumba za zamani za Kaloleni, mlango kwa mlango, mmoja akienda kanisani na mwingine madrasa, wakakutana mferejini wakirudi. Hakukuwa na adabu kati yao.

"Kuanzia kesho Mama Amolo anafanya kazi hapa," alisema Caren.

"Kazi gani? Ana kilo arobaini! Atatumbukia sufuriani."

"Anakuonjea. Wazee wanalalamika chakula chako hakina ladha."

"Nani? Nitajie mmoja!"

"Mimi. Utamwekea kiti pale karibu na dirisha la nyuma. Kila unachopika anaonja. Na akionja, aonje sahani nzima. Wewe unamwangalia, kwa hiyo anakula mbele ya mtu. Usiniulize zaidi."

Mariamu alimtazama kwa jicho moja huku maji yakichuruzika viwikoni. "Siulizi," alisema.

Jumanne saa tano Mama Amolo aliingia jikoni na fremu yake ya kutembelea, akakagua rafu, akaonja mchuzi, akauliza ni nani aliyeukosea. Kufika saa sita walikuwa wamegombana mara tatu. Kufika saa saba alikuwa amekula ugali wake na omena, akiwa ameipa sebule mgongo, na ukuta mzima ukiwa kati yake na kelele za Mzee Dalmas, aliyekuwa akiuliza huko mezani msichana wake amekimbilia wapi. Fimbo ya mzee ilipogonga sakafu karibu na mlango wa jikoni, Mama Amolo alishusha tonge na kuvuta leso usoni.

Mariamu aliliona hilo. Jioni alimwambia Caren, "Yule ni mkwe wake."

"Nani amekwambia?"

"Nimeishi na nyinyi Wajaluo miaka hamsini. Mnadhani sisi hatuna macho?"

Jumanne hiyo hiyo Mama Amolo aliagiza osuga. Hakutaka ile sukumawiki ya kukatwakatwa kila siku, alitaka mboga ya mnavu, mafungu sita, ichambuliwe jani kwa jani. Aliichemsha mwenyewe amekaa, akaiwekea maziwa, akaiacha, akaipasha, akaongeza maziwa, akaiacha tena. Siku mbili chungu hakikufunguliwa na mtu mwingine. Alhamisi asubuhi alikaanga simsim kwenye kikaango kikavu, akaiponda, akaikoroga ndani mpaka mboga ikawa nzito na uchungu wote ukaisha.

"Maziwa lita tatu kwa majani," alisema Mariamu. "Madam atanifukuza." Kisha akaonja, akachota kijiko cha pili.

Mchana osuga ilipelekwa mezani. Caren alikuwa akipitisha maji ya kunawa. Mzee Dalmas alimega, akachovya, akatia mdomoni huku akiendelea na kisa cha mashua moja iliyovuja siku ya kuzinduliwa. Kisa kikakatika katikati.

Alitafuna polepole. Akameza. Akachovya tena, kidogo tu, akainusa kabla ya kuila.

"Nani amepika hii?"

"Mimi, Mzee," aliitikia Mariamu kutoka kwenye dirisha la jikoni. "Nani mwingine?"

"Wewe wa Kaloleni ulianza lini kutia simsim kwenye osuga?"

Mariamu akarudisha kichwa ndani.

"Marehemu mke wangu alikuwa akiipika hivi," alisema Mzee Dalmas. Sauti yake haikuwa tena ile ya kuchekesha watu. "Alifundishwa na mke mdogo wa baba yake. Hakuna nyumba nyingine inayoipika hivi." Akageuza uso wake wenye macho meupe kuelekea mwisho wa meza. "Yule wa kiti cha mwisho. Kwao ni wapi?"

"Mama Amolo? Ameolewa Asembo," alisema Mama Naeema, jirani yake, bila kujua anachokifanya. "Ila nasikia kwa kuzaliwa ni Uyoma."

Tonge lilibaki mkononi mwa mzee. Kisha akaliweka sahanini, taratibu sana, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Akapapasa fimbo yake. Akainuka, akatoka nje barazani bila kunawa.

Caren alimkuta ameshika nguzo.

"Ulijua," alisema Mzee Dalmas.

"Tangu Jumatatu."

"Na hukuniambia."

"Niliapa."

"Nilimwambia nitamwoa."

"Mara nne, Mzee. Nilihesabu."

Mzee Dalmas alitoa mguno. Mabega yale mapana yalikuwa yameshuka. "Nipigie mwanangu simu. Naondoka leo. Asipokuja, nionyeshe barabara tu."

Mtu mwingine angembembeleza. Caren alikunja mikono kifuani.

"Uende wapi? Ukaanguke mara ya tatu? Sasa nisikilize. Yule mama amepoteza kilo nne, kwa hiari yake, wiki tatu akikaa mbele ya chakula na njaa, ili wewe usijue na usiondoke. Kesho tabibu anampima. Akiwa chini ya arobaini na tatu anapelekwa kuwekewa mpira puani, na hakuna kitu anachokiogopa duniani kama hicho. Amekula siku tatu tu. Wewe ukitoka langoni leo, unadhani jioni atakula? Atakaa pale na mikono mapajani akijua alikonda bure. Hayo ndiyo malipo yako kwa maro wako?"

Barabarani bodaboda ilipita ikipiga honi.

"Una mdomo mkali wewe," alisema mzee mwishowe.

"Nimeambiwa."

"Siwezi kula tena chumba kimoja naye."

"Hakuna anayekwambia ule naye."

"Na siwezi kukaa hapa kama sikumwomba radhi. Wala siendi kumwomba mikono mitupu. Mwanangu alete kuku Jumamosi. Jogoo, si wale wa kizungu."

"Jogoo ataletwa. Radhi omba sasa, wali uko jikoni unaungua, waliomo humo wakingoja kusikia." Alikuwa ameshawaona Mama Amolo na Mariamu. Dirisha la nyuma la jikoni lilifunguka kwenye baraza ile ile, hatua nne kutoka hapo, na pazia lake lilikuwa likitikisika bila upepo.

Caren alivuta kiti, akamkalisha mzee akielekea uani, mgongo kwa dirisha. Akasimama katikati.

Mzee Dalmas alikohoa. "Mwambie maro wangu kwamba Wuod Seme, huyu mwana wa Seme, ni mjinga."

"Amekusikia, Mzee. Yuko hapo dirishani."

"Sijamwambia yeye. Nimekwambia wewe."

Caren akavuta pumzi. "Mama, Wuod Seme anasema yeye ni mjinga."

Sauti ya Mama Amolo ikatoka nyuma ya pazia, kavu na wazi. Mzee Dalmas aliposikia sauti hiyo aliinamisha kichwa.

"Mwambie Wuod Seme sijui anaongea nini. Masikio yangu ni mabaya. Tangu aje hapa sijasikia neno lake hata moja."

"Mama anasema—"

"Nimesikia," alisema mzee. Alijipangusa pua kwa mgongo wa mkono. "Mwambie Debra alimpenda kama dada."

Hilo Caren hakulirudia. Hakukuwa na haja. Nyuma ya pazia mtu alipenga kwa nguvu, na huyo bila shaka alikuwa Mariamu.

"Mwambie," ilikuja sauti ya Mama Amolo baadaye kidogo, "osuga ile ina maziwa ya siku mbili. Asiniachie sahani imejaa."

Caren alirudi sebuleni. Wazee tisa walikuwa wameacha kula, shingo zimenyooka kuelekea barazani. Madam Rachael naye alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi yake, miwani mkononi, na kwa jinsi alivyosimama Caren alijua amesikia yote.

"Sababu ni hiyo," alisema Caren. "Sikuwa na ruhusa ya kuisema."

Madam Rachael ni Mjaluo, mwanamke wa Gem, ana mama mkwe na ana wakwe wawili. Alitazama maandishi yake ukutani. Alitazama kiti cha mwisho.

"Ungenipa ishara tu," alisema. "Mungu wangu. Wiki tatu."

Caren alishika ukingo wa kitambaa cha buluu, akawaambia wazee wainue sahani zao, akakivuta. Chini yake zilikuwa meza mbili, jinsi zilivyokuwa tangu mwanzo. Moja ikapelekwa barazani pamoja na wanaume watatu waliotaka hewa. Nyingine ikabaki. Kitambaa kilikatwa kwa mkasi wa jikoni, na hapo tu ndipo Madam Rachael aligeuza uso.

Ijumaa Wanyonyi alifika saa tatu. Mama Amolo alipanda mizani peke yake, akakataa mkono wa mtu. Mluzi ukalia.

"Arobaini na tatu na nukta tisa," alisoma Wanyonyi. Akaangalia chati, akaangalia tena tarakimu. "Mmempa dawa gani?"

"Tumehamisha mkwe wake," alisema Caren.

Wanyonyi, ambaye ni Mbukusu, aliweka kalamu chini. "Walikuwa meza moja? Kwetu hata njia moja hawapiti. Sasa mimi nilikuwa nataka kumtia mpira kwa sababu ya adabu yake?" Akamgeukia mama mwenyewe, na safari hii hakuhitaji kukumbushwa. "Mama, nisamehe. Hakuna hospitali. Endelea kula."

Mama Amolo aliitikia kwa kichwa kwa heshima kama anayempa ruhusa ya kuondoka.

Kutoka barazani, mtu alikohoa kikohozi cha kujitakia.

"Caren," aliita Mzee Dalmas, uso wake ukielekea uani. "Mizani imesema ngapi?"

"Arobaini na tatu na nukta tisa!"

"Bado ni kidogo. Mwambie bado ni kidogo."

Caren alifungua mdomo, lakini Mama Amolo, akishuka kwenye mizani na kujifunga leso, alimtangulia.

"Mwambie alete jogoo kwanza," alisema, "ndipo tuzungumze mambo ya kilo."